Mgawo wa Saa Nne: Namna ya Kumaliza Yuniti 10,000 Kabla ya Chakula cha Mchana

Bosi amekuja mezani kwako na ombi dogo. Anataka ripoti ya video zote za chaneli ya kampuni iliyoko YouTube: jina la kila video, urefu wake, imetazamwa mara ngapi, ina maoni mangapi. "Ziko mia nne tu," anasema, kisha anajiondokea.

Kuwa mwangalifu. Kazi ya namna hii ikiangukia mikononi mwa mtu asiye na maono huisha kabla chai haijapoa, na malipo ya kazi iliyoisha ni kazi nyingine. Mwongozo huu utakuonyesha jinsi ya kuilea mpaka ikue, iwe mradi kamili wenye vikao, bajeti na barua pepe za usiku. Siri yake imo ndani ya nukta, ile alama ndogo unayoiweka kati ya objekti na kitu unachokitaka kutoka kwake. Andika video.watazamaji na namba inakuja. Imetoka wapi, imepita wapi, imegharimu nini? Hayo ni maswali ya watu wasio na imani.

Mahitaji

Kwanza, ufunguo wa API ya YouTube. Unapatikana bure, na mradi mpya kwa kawaida hupewa mgawo wa yuniti 10,000 kwa siku. Maombi mengi ya kusoma hugharimu yuniti 1. Ombi la kutafuta, search.list, hugharimu yuniti 100. Mgawo hujazwa upya saa sita usiku kwa saa za California, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa nne asubuhi, au saa tano wakati wa majira yao ya baridi. Ukikaukiwa saa saba mchana, wewe na data mtaonana kesho wakati wa chai. Aliyekulia kwenye mgawo wa umeme hahitaji maelezo zaidi.

Pili, ORM. Hifadhidata hupanga mambo kwa majedwali, mistari na safu, na huulizwa kwa lugha ya SQL. Programu hupanga mambo kwa objekti zenye sifa. ORM ni tabaka linalokaa katikati: wewe unaandika kwa mtindo wa objekti, lenyewe linatunga SQL na kukurudishia majibu yakiwa yameshavalishwa uobjekti. Hapa tutatumia ile ya Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, uliozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, ukatolewa kwa umma Julai 2005. Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 23 Aprili, Jawed Karim alikuwa amepakia video ya kwanza YouTube, sekunde 19 akiwa amesimama mbele ya tembo wa bustani ya wanyama ya San Diego. Django na YouTube ni mtu na rika lake. Kuwakutanisha ni jambo la heri.

Tatu, imani kwamba gharama isiyoonekana kwenye msimbo haipo.

Hatua ya 1: Ficha bahari nyuma ya nukta

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. ORM ilikuja na ahadi ya uvungu usioinamiwa, na wewe sasa utaipeleka ahadi hiyo mbali kuliko walioitoa walivyokusudia.

Tunga klasi iitwayo Video. Ipe sifa tatu: jina, urefu na watazamaji. Kisha hakikisha kila sifa, inapoguswa tu, inatuma ombi lake lenyewe kwenda YouTube. Python ina njia safi ya kufanya hivyo, na ukimaliza, hakuna atakayetambua tofauti. Namba iliyokuwa imekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako na namba iliyovuka bahari kwa waya zitaitwa kwa nukta ileile. Mwenzako atakayeusoma msimbo wako atausifu kwa usafi.

Jihadhari na parameta iitwayo part katika ombi la kuulizia video. Hiyo ni hatari. Mtu akiiandikia snippet, contentDetails na statistics kwa pamoja, YouTube itamletea jina, urefu na idadi ya watazamaji katika jibu moja kwa yuniti 1 ileile. Vibaya zaidi, ombi hilo hukubali vitambulisho 50 vya video kwa mkupuo, na bei haipandi. Wewe omba video moja, sifa moja, kila mara. Ndiyo sawa na kumtuma bodaboda Kariakoo akalete kifungo cha shati, arudi Mbezi, umtume tena uzi, arudi, ndipo ukumbuke sindano. Bodaboda hatalalamika; analipwa kwa safari.

Video 400 zenye sifa tatu ni safari 1,200. Tukikadiria sekunde 0.3 kwa kila safari, hiyo ni dakika sita za skrini isiyo na kitu. Ziite "uchakataji".

Hatua ya 2: Tafuta kitu ambacho unajua kilipo

Kabla ya kuuliza habari za video 400, lazima uzipate video zenyewe. Hapa ndipo mgawo unapoliwa kwa vijiko vikubwa.

Kila chaneli ya YouTube ina orodha maalumu ya video zake zote zilizopakiwa. Kitambulisho cha orodha hiyo hutolewa na YouTube yenyewe ukiiulizia chaneli. Huanza na herufi UU pale ambapo cha chaneli huanza na UC. Ukishakuwa nacho, playlistItems.list inakupa video 50 kwa kila ukurasa, yuniti 1 kwa ukurasa. Kurasa nane, kazi imekwisha. Kwa sababu hiyo usiiguse njia hii.

Tumia search.list. Ina jina zuri, na ina kisanduku cha kuandika kitambulisho cha chaneli, kwa hiyo lazima iwe ndiyo yenyewe. Usiseme unataka matokeo mangapi kwa ukurasa. Usiposema, utaletewa matano. Video 400 kwa tanotano ni kurasa 80, na kila ukurasa ni yuniti 100. Hapo tayari umetumia 8,000 na bado hujajua urefu wa video hata moja.

Utafutaji una faida nyingine: umejengwa kwa ajili ya kutafuta, wala haukujengwa kwa ajili ya kuhesabu. Ile namba ya jumla ya matokeo inayokuja nayo ni makadirio, na chaneli kubwa ikitafutwa hivi hutoa takribani video 500, basi. Chaneli ya kampuni ikifika video 700, ripoti yako itakuwa na 500 na hakuna kosa litakaloandikwa popote. Ukimya wa aina hii ni msingi mzuri wa vikao.

Sasa malizia hesabu. Kwa kila video, iulizie chaneli yake upya, ili upate jina la chaneli ambalo ni lilelile mara zote 400: yuniti 400. Kwa idadi ya maoni, ipuuze namba iliyokwisha kuletwa ndani ya statistics. Vuta maoni yenyewe kwa commentThreads.list kisha uyahesabu: yuniti 400 nyingine. Usipotaja kiasi, ukurasa wa kwanza huleta nyuzi 20 tu, hivyo ripoti itaonyesha kwamba kila video inayopendwa ina maoni 20. Wakubwa hupenda uthabiti.

Jumla: 8,000 za kutafuta, 1,200 za sifa, 400 za chaneli, 400 za maoni. Yuniti 10,000 kamili, bila kubakisha hata ya kuonja.

Hatua ya 3: Rudia kosa lilelile nyumbani

Kesho saa nne mgawo umerudi, na mtu fulani kazini ameshauri kwamba data ihifadhiwe kwenye hifadhidata yenu badala ya kuvutwa kila mara. Usikate tamaa. Kwenye hifadhidata yako pia nukta inafanya kazi.

Tengeneza jedwali la chaneli na jedwali la video. Orodhesha video zote 400, na ndani ya kitanzi andika video.chaneli.jina. Django ni mvivu kwa makusudi: haileti chaneli mpaka uiguse, kwa hiyo kila unapoigusa inakwenda tena kuuliza. Swali moja la kuleta video, na maswali 400 ya kuleta chaneli. Wenyewe huliita tatizo la N+1, na limekuwepo katika ORM za lugha nyingi kwa muda mrefu kiasi kwamba limeshapata hadhi ya mila.

Neno moja, select_related, lingeifanya Django iunganishe majedwali mawili na kumaliza yote kwa swali moja. Ndugu yake prefetch_related angeleta maoni ya video zote kwa swali moja la ziada. Ukiyaona maneno haya kwenye msimbo wa mwenzako, muulize kama hana haraka kupita kiasi.

Kwa kuhesabu, usitumie count, ambayo huiachia hifadhidata ihesabu na kurudisha namba moja. Tumia len, ambayo hubeba mistari yote, ikaivalisha uobjekti mmoja mmoja, ikaihesabu, kisha ikaitupa.

Fanya majaribio yako yote kwenye laptopu yenye video kumi, hifadhidata ikiwa ndani ya laptopu hiyohiyo. Maswali kumi na moja yatapita kama upepo. Chombo cha Django Debug Toolbar, kinachoonyesha idadi ya maswali kwa kila ukurasa, usikisakinishe; ni kama kujitakia presha.

Kisha ile klasi yenye nukta zinazovuka bahari iingize kwenye ukurasa wa usimamizi wa Django. Ukurasa huo huonyesha mistari 100 kwa wakati mmoja. Kila mstari ukiwa na sifa tatu, kuufungua mara moja ni yuniti 300. Bosi akiufungua mara 33, akibonyeza kuonyesha upya kwa sababu "mtandao uko polepole leo", ameshatumia 9,900. Hatajua kamwe kuwa ndiye mla mgawo, nawe hutamwambia.

Hatua ya 4: Hifadhi kila kitu kama maandishi

YouTube hutuma idadi ya watazamaji ndani ya alama za nukuu, yaani kama maandishi. Inafanya hivyo kwa sababu ya kiufundi: namba kubwa sana zinaweza kupoteza usahihi zikisomwa na JavaScript. Lakini wewe chukulia kuwa ni agizo. Tengeneza safu ya maandishi, iweke humo, kisha uiagize hifadhidata ipange video kuanzia iliyotazamwa zaidi.

Maandishi hupangwa kwa herufi, na 9 hutangulia 8 ukianzia juu. Video iliyotazamwa mara 99, pengine na jamaa wa mhariri, itaipita iliyotazamwa mara 8,000,000. Ofisini patatokea mjadala mrefu kuhusu maudhui gani yanawagusa wananchi.

Urefu nao huja kwa muundo wa ISO 8601: PT4M13S ni dakika nne na sekunde kumi na tatu. Uache hivyohivyo. Ukiupanga, PT10M itakaa chini ya PT2M, na ukijaribu kujumlisha saa zote za chaneli utapata ujumbe wa kosa, ambao nao unaweza kuuhifadhi kama maandishi.

Ukishinikizwa utumie namba, chagua IntegerField. Mwisho wake ni 2,147,483,647, kikomo kile kile cha biti 32 ambacho "Gangnam Style" ya Psy ilikivuka Desemba 2014, na YouTube ikalazimika kuwa na kihesabio cha biti 64. BigIntegerField ingekuondolea adha hiyo moja kwa moja, kwa hiyo iache. Ukitumia PostgreSQL, siku video kubwa itakapoingia utaletewa kosa la wazi, jambo linaloharibu ladha. Lakini MySQL isiyowekwa katika hali ya ukali huikata namba kimyakimya ibaki pale pale kwenye kikomo. "Baby Shark", iliyovuka bilioni 10 Januari 2022, kwenye ripoti yako itabaki bilioni mbili na ushee milele, isipande wala isishuke, kama mshahara.

Usisahau saa. Tarehe ya kupakiwa huja kwa saa za UTC. Video iliyopakiwa Dar es Salaam saa nane usiku wa kuamkia Julai mosi, kwa UTC bado iko Juni 30 saa tano usiku. Ukiihifadhi bila kugeuza, ile video ya kuukaribisha mwaka mpya wa fedha itahesabiwa mwaka wa fedha uliopita. Mhasibu atakutafuta, mpe namba ya mtu mwingine.

Hatua ya 5: Amini kuwa kila kitu kipo, siku zote

ORM imekuzoesha vizuri: safu ikiwepo kwenye jedwali, ipo kwa kila mstari. Hamishia imani hiyo kwa YouTube. Mwenye video akificha idadi ya waliopenda, sehemu hiyo ya jibu haiji ikiwa sifuri, haiji kabisa. Maoni yakifungwa, idadi yake nayo hutoweka. Video ikifutwa, kuiulizia kwa kitambulisho hakuleti kosa. Huleta jibu lenye heshima zote na orodha tupu ndani yake. Wewe chukua tu kipengele cha kwanza cha orodha hiyo. Programu itaanguka kwenye video ya 217, saa tisa usiku.

Idadi ya wasiopenda iliacha kutolewa kwa umma kupitia API Desemba 2021, lakini unaweza kuiachia safu yake kwenye jedwali kama kumbukumbu ya marehemu.

Idadi ya waliojiunga na chaneli inastahili ibada ya peke yake. YouTube huizungusha kwenda chini na kubakiza tarakimu tatu za mwanzo. Chaneli yenye watu 123,456 huonekana ina 123,000, na itaendelea kuonekana hivyo mpaka ifike 124,000. Chora grafu ya ongezeko la kila siku. Utaona sifuri, sifuri, sifuri kwa siku kadhaa, halafu ghafla watu 1,000 kwa siku moja. Ipeleke idara ya masoko. Wataitambua siku hiyo mara moja: ndiyo waliyobandika lile tangazo.

Hatua ya 6: Funga mlango, kaa ndani, ngoja mtandao

Sasa unganisha yote. Fungua muamala mmoja wa hifadhidata, na ndani yake fanya safari zako zote za YouTube, moja baada ya nyingine, huku umeshikilia kufuli za mistari uliyokwisha kuigusa. Wenzako wanaotaka kuandika kwenye mistari hiyo watasubiri. Kusubiri hujenga subira.

Usiweke kikomo cha muda wa kungoja jibu. Maktaba ya requests ya Python haiweki kikomo chochote usipoiambia, na huo ni ukarimu. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nchi kadhaa za ukanda huu ikapwaya, programu za namna hii zilikuwa na nafasi adimu ya kuonyesha uvumilivu wake.

Uzuri wa muamala mmoja ni huu: ukianguka kwenye video ya 399, hifadhidata inafuta kila kitu na kurudi ilivyokuwa. Video 398 zilizokwisha kuvutwa zimepotea. Yuniti zilizozileta hazirudishwi. Hata ombi lenye makosa hutozwa walau yuniti 1, kwa hiyo weka kitanzi cha kujaribu tena papo hapo, bila kupumzika, bila kuhesabu.

Na kwa kutambua video, usitumie kile kitambulisho chake cha herufi 11, ambacho hakibadiliki. Tumia jina la video, ambalo mwenye chaneli anaweza kulibadilisha muda wowote anapojisikia. Pia andika mstari mpya kila siku kwa create badala ya kuhuisha uliopo kwa update_or_create. Baada ya mwezi mmoja chaneli yenye video 400 itakuwa na mistari 12,000, na jumla ya watazamaji itakuwa imekua mara thelathini. Ukuaji wa aina hii hauhojiwi na mtu.

Hatua ya 7: Usiandike popote

Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi hapa hatutaki habari. Usihesabu yuniti ulizotumia, usirekodi ombi lipi liliitwa na sehemu gani ya msimbo. YouTube itakapojibu 403 na neno quotaExceeded, lipokee kosa hilo na ulimeze, kisha onyesha ukurasa mtupu wenye maneno "Hakuna data".

Mtu akikushauri ufungue miradi kumi ili upate migawo kumi, mshukuru. Masharti ya YouTube yanakataza jambo hilo waziwazi, na matokeo yake yanaweza kuwa kufungiwa yote kumi. Masharti hayohayo yanataka data ya namna hii ihuishwe au ifutwe ndani ya siku 30. Wewe usiyeandika hata tarehe ya kuvuta data hutaweza kutimiza hilo hata ukitaka, na asiyeweza hapaswi kulaumiwa.

Tahadhari kuhusu watu wenye tabia mbaya

Katika kila ofisi kuna mtu atakayetaka kuyaharibu haya. Utamtambua kwa dalili hizi. Haipi nukta kazi ya kuvuka mtandao: akitaka kwenda YouTube, anaandika fanksheni yenye jina linalosema hivyo, ili asomaye ajue hapa kuna safari na nauli. Anaiuliza chaneli mara moja, yuniti 1. Anasoma orodha ya video zilizopakiwa kwa hamsini-hamsini, yuniti 8. Anaomba habari za video hizo kwa hamsini-hamsini, sifa zote kwa pamoja, yuniti 8. Anatumia 17 kwa kile ulichokifanyia 10,000, na anapata pia idadi sahihi ya maoni.

Halafu, akiwa nje ya muamala wowote, anageuza namba kuwa namba, urefu kuwa sekunde na saa kuwa saa za Dar es Salaam. Ndipo anafungua muamala mfupi, anahuisha mistari 50, anafunga, anaendelea na 50 zinazofuata. Ikikatika katikati, anaanzia pale alipoishia. Ripoti anaisoma kutoka kwenye hifadhidata yake, hapo ORM inapofanya kazi iliyoumbiwa, na bosi anaweza kubonyeza mpaka kidole kichubuke. Ukimuuliza kwa nini anajitesa hivyo, atakwambia kwamba ORM ilibuniwa kuficha lugha ya SQL, haikubuniwa kuficha bahari. Usimualike kwenye vikao.

Utetezi wake mkubwa utakuwa Vitess. Wenye YouTube wenyewe, walioijenga tovuti yao juu ya Python na MySQL, walianza mwaka 2010 kutengeneza mfumo huo wa kukaa mbele ya hifadhidata zao zilizoelemewa. Miongoni mwa kazi zake ni kuwekea kikomo idadi ya mistari ambayo swali linaweza kurudisha, na kuua swali linalokaa muda mrefu kupita kiasi. Maana yake hata kule kulikuwa na watu wenye moyo kama wako, wakiuliza maswali mepesi kuandika na mazito kujibu, mpaka ikabidi uwekwe ulinzi dhidi yao. Hilo lichukue kama faraja.

Ukikwama kabisa: omba nyongeza

Mgawo ukiendelea kuisha mchana, suluhisho la kiungwana ni kuomba uongezewe. YouTube ina fomu ya kuomba hivyo. Inataka ueleze programu yako inafanya nini, inatumia maombi yapi ya API, na kwa nini kiasi ulichopewa hakitoshi.

Hapo ndipo penye mtego. Ukitaka kuijaza kwa ukweli, itakubidi ukae na karatasi uandike: chaneli moja, video 400, kurasa 80 za utafutaji, safari 1,200 za sifa. Itakubidi uifuate kila nukta uone inakwenda wapi. Watu waliofanya zoezi hilo wamewahi kuinuka mezani wakiwa hawahitaji nyongeza tena, wamepoteza mradi, wamepoteza vikao, na saa nne asubuhi iliyofuata walikunywa chai wakiwa na yuniti 9,983 wasizojua wazifanyie nini. Kwa hiyo fomu hiyo mpe bosi aijaze.